Mpini wa Matambara

Ndugu msomaji, lugha yetu inamheshimu sana mtu aliyeshika mpini. Tukitaka kusema kwamba fulani ndiye mwenye uwezo katika jambo, twasema mpini uko mkononi mwake. Na yule mnyonge wake twasema ameshika makali. Kisu chenyewe nacho tumekisifu kwa ukali, hata nyama tukampa mwenye kisu kikali. Lakini mimi sijapata kusikia methali inayouliza mpini huo umetengenezwa kwa kitu gani, wala itakuwaje siku utakapoteleza. Maana mpini ukiteleza, yule aliyekuwa ameushika hugeuka, kwa kufumba na kufumbua, akawa ndiye aliyeshika makali.

Leo nakuomba unipe nafasi nizungumze nawe juu ya jambo hilo. Kama unacho kisu cha kukunja mfukoni, kitoe ukitazame. Kama huna, hapana shaka kimo kimoja katika mtoto wa meza au katika sanduku la vifaa chini ya kitanda. Usitazame bapa. Tazama vile vipande viwili vinavyolibana bapa kushoto na kulia, ambavyo kwa kuwa havina jina lililokubaliwa na watu wote, mimi nitaviita mashavu ya mpini. Je, ni vya mti? Ni vya pembe? Au ni vya plastiki ing'aayo kama lulu? Mimi ni fundi wa kusuka mota za umeme, kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na kisu cha kukunja ni kifaa nisichoweza kukaa bila ya kuwa nacho. Nachuna waya nacho, nakatia karatasi za kuhami umeme, na saa nne namenyea chungwa, baada ya kukiosha bila shaka. Kwa hiyo mipini naijua. Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kidole cha mpwa wangu.

Kijana huyo ni baharia katika mashua ya wavuvi wa dagaa. Usiku mmoja wakiwa kazini, kamba ya wavu iliingia katika rafadha ya mashine ikajizungusha. Yeye ndiye aliyekuwa na kisu karibu. Alikitoa mfukoni, akakifungua, akainama na kuanza kuikata ile kamba iliyokuwa imekazika kama uzi wa zeze. Mikono yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi na mafuta ya samaki. Alipotia nguvu, bapa lilinasa katika kamba, nacho kiganja, kwa kuwa hakikuwa na kitu cha kukizuia, kikaendelea na safari yake mbele hadi kwenye makali. Vidole viwili vilikatika. Kimoja kilipona vizuri. Kile cha mwisho kilikatika kano, na ingawa waganga waliishona kano hiyo, kidole hakikunjiki mpaka leo. Kwa mtu wa ofisini labda si kitu. Kwa mvuta nyavu, kidole kilichosimama kama msumari ni adha ya kila siku, kwa kuwa kila jicho la wavu linakitafuta.

Dada yangu alizilaumu kazi za baharini. Wenzake walililaumu giza. Yeye mwenyewe alipokuja kunitazama, baada ya kuniamkia na kuketi, alisema, "Mjomba, kisu hakikuwa na kosa. Kilikuwa kikali, nilikinoa mwenyewe."

Nikamwambia, "Makali sikuyauliza. Nipe nione mpini."

Ulikuwa wa plastiki nyeupe yenye mawimbi ya rangi ya waridi, umesuguliwa hadi unaakisi uso wa mtu. Alikuwa amekinunua kwa uzuri huo. Nilichovya mkono wangu katika bakuli la maji yenye matone machache ya mafuta ya kupikia, kisha nikaukamata. Ndugu msomaji, ilikuwa kana kwamba nimemkamata kambale hai.

Hebu basi tuitazame mipini tuliyonayo. Mpingo ni mti wa fahari. Wageni hutengenezea klarineti na zumari zao, nao ni mzito hata ukitupwa majini huzama. Kwa kisu kikubwa chenye mpini mnene sina neno nao. Lakini shavu la kisu cha kukunja ni kipande chembamba, pengine milimita tatu tu, tena kimetobolewa matundu ya ribiti. Mti hunywa unyevu na kuutoa. Kichukue kisu hicho kutoka joto na mvuke wa Dar es Salaam, ukae nacho Iringa miezi ya kiangazi, kisha urudi nacho. Mti utakuwa umesinyaa na kuvimba tena, na ufa huanzia kwenye tundu la ribiti. Pembe ya ng'ombe ina tabia hiyohiyo ya kujikunja, na juu ya hayo wako wadudu wanaoila. Mfupa huvunjika ukianguka sakafuni. Chuma kitupu huwa baridi asubuhi, na kikilowa kinateleza. Plastiki hainywi maji, hilo ni kweli, lakini aghalabu hupigwa msasa na kung'arishwa ili ivutie machoni dukani.

Nawapa heko wauza machungwa wa barabarani, ambao huzungushia mipini ya visu vyao ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Wao wamelijua tatizo bila ya kufundishwa na mtu, na dawa yao ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba maji hujificha chini ya mpira na chuma kikashika kutu pasipoonekana, tena kisu cha kukunja hakiwezi kuzungushiwa mpira, kwa kuwa bapa halitapata pa kulala.

Sasa kipo kitu kingine, ambacho huenda umekigusa mara nyingi bila ya kujua jina lake. Katika karakana niliyojifunzia kazi, mafundi wakubwa walikiita tafnoli, kutokana na jina la biashara la Waingereza, Tufnol, kitokacho Birmingham. Ni ubao wa rangi ya kahawia iliyoiva, mgumu, na ukiutazama kwa ubavu utaona mistari myembamba iliyolala mmoja juu ya mwingine, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Tuliutumia kutengeneza kabari za kuzibana nyaya ndani ya mota na vibao vya kufungia ncha za waya. Wamarekani wanao wa namna hiyohiyo kwa jina la Micarta, na jina hilo ndilo watengeneza visu wa dunia nzima walilolizoea, hata sasa huita hivyo ubao wowote wa jamaa hiyo, uwe umetoka kiwanda gani.

Ubao huo si mti, si pembe, wala si plastiki tupu. Ni matambara. Huchukuliwa kitambaa cha pamba, chepesi au kizito kama turubai, kikachovywa katika gundi ya majimaji na kukaushwa, kisha vipande vyake vikapangwa tabaka juu ya tabaka. Rundo lote hutiwa kati ya sahani za chuma zenye moto wa nyuzi zaidi ya 130 za Selsiasi, likagandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka lote likawa kitu kimoja. Badala ya kitambaa cha pamba chaweza kutumika kitani, au karatasi.

Nguvu yake ndipo ilipo ajabu. Kitambaa peke yake hakiwezi kusimama. Gundi peke yake ikikauka ni ngumu lakini ni kavu. Zile swichi nyeusi za mviringo za zamani zilikuwa za gundi hiyohiyo iliyochanganywa na unga wa mbao, na kila aliyewahi kuiangusha moja juu ya saruji anajua ilivyopasuka. Lakini viwili hivi vikikutana, mambo hubadilika. Ufa ukianza katika gundi hukimbia moja kwa moja mpaka ukutane na uzi. Hapo hauwezi kupita bila ya kuukata au kuung'oa, nao hupoteza nguvu kwa kuhangaika. Wazee wetu waliojenga nyumba za miti na udongo waliijua siri hii. Udongo mtupu huanguka, na fito tupu hupitisha upepo. Udongo uliokandikwa juu ya fito hukaa miaka.

Gundi yenyewe ni kazi ya Leo Baekeland, Mbelgiji aliyezaliwa mjini Ghent mwaka 1863 na kuhamia Marekani mwaka 1889. Mwaka 1907, katika maabara yake huko Yonkers karibu na New York, aliipata njia ya kuunganisha kwa joto na shinikizo dawa mbili, fenoli na formaldehaidi, na mwaka 1909 akawatangazia wanakemia wenzake kitu alichokiita kwa jina lake mwenyewe, bakelaiti. Tabia yake kubwa ni kwamba ikishaiva haiyeyuki tena. Plastiki nyingi ni kama mshumaa, ukizitia moto hulainika. Hii ni kama yai, ambalo likichemshwa halirudi kuwa ute.

Wa kwanza kuichangamkia walikuwa watu wa umeme, na hapa hadithi inapita jirani na kwetu. Wakati huo kitu kilichotegemewa kuhami umeme mahali penye joto kilikuwa ni yale magamba ya mawe yang'aayo ambayo kwa Kiswahili twayaita ulanga. Ukifungua pasi ya umeme ya zamani utaukuta ulanga, umezungushiwa ule waya unaotoa moto. Na mimi nimeukuta mara zisizo na idadi kati ya vipande vya shaba katika mota za umeme wa moja kwa moja. Ulanga huo unachimbwa duniani mahali pachache, na mojawapo ni milima yetu ya Uluguru, ambako Wajerumani waliuchimba walipokuwa wakitawala. Ni ghali, na kuupasua kwa mkono ni kazi ya kuumiza vidole. Vijana wawili wa kampuni ya Westinghouse mjini Pittsburgh, Herbert Faber na Daniel O'Conor, waliona kwamba kitambaa au karatasi iliyoloweshwa gundi ya Baekeland yaweza kushika mahali pake. Mwaka 1913 waliacha kazi wakaanzisha kampuni yao mjini Cincinnati, wakaiita Formica, yaani badala ya ulanga. Nadhani hujapata kuila chai juu ya meza ya Formica ukafikiri kwamba jina lile ni la jiwe la Morogoro. Westinghouse nao waliendelea kutengeneza wa kwao, ndio Micarta. Walifanyia gia zisizopiga kelele, na katika miaka ya 1920 zilitengenezwa hata rafadha za ndege kwa ubao huu wa pamba, zikajaribiwa angani.

Katika visu, aliyeupa sifa kubwa ni Bob Loveless wa California, fundi aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2010. Visu vyake vya wawindaji vilikuwa aghalabu na mpini wa Micarta ya turubai ya kijani. Wengine walimfuata, na kutoka visu vya ala ubao huo ukahamia katika visu vya mfukoni.

Sasa nirejee kwenye jambo lenyewe, yaani mkono uliolowa. Mashavu ya pamba na gundi yakipigwa msasa wa kiasi na kuachwa bila kung'arishwa, ncha ndogondogo za nyuzi husimama juu ya uso wake. Huzioni, ila kidole huzihisi, kama unavyohisi tofauti ya kioo na ngozi isiyopakwa rangi. Mkono mkavu unaona ulaini tu. Mkono ukilowa, zile ncha hunywa maji yaliyokaa kati ya ngozi na mpini, na mpini badala ya kukimbia hukamatika zaidi. Mipini mingine huudanganya mkono: dukani, pakavu, yote ni mizuri. Huu ndio niujuao ambao hupendeza zaidi siku ya mvua kuliko siku ya jua. Nasema hivyo nikizungumzia ule wa turubai au pamba. Wa karatasi ni laini zaidi na hauna fadhila hiyo kwa kiasi hichohicho.

Haujali hali ya hewa. Maji unayoyanywa ni kidogo mno, hata ukitoka pwani ukapanda milimani ribiti zake hubaki zimekaa palepale. Ukianguka sakafuni hautoi hata ufa. Maji yanayochemka hayauyeyushi, na petroli na mafuta ya taa hayauli. Uzito wake unazidi wa maji kwa nusu pungufu kidogo, kwa hiyo kisu hakivuti mfuko wa suruali kama kile cha mpini wa shaba. Tena una joto la kirafiki mkononi, kwa kuwa haupitishi joto la mwili kwa haraka.

Kwa vile mimi ni mtu wa umeme, hapa sina budi kuingiza neno. Usije ukasikia kwamba ubao huu unahami umeme ukadhani kisu chake chaweza kukata waya ulio hai. Ribiti za chuma zinapita ndani ya mashavu yote mawili mpaka nje, nazo zimegusana na bapa. Kidole chako kikikaa juu ya kichwa cha ribiti, ni sawa na kugusa waya wenyewe. Zima umeme kwanza.

Kasoro zake nazo zipo. Rangi haitulii, jasho na mafuta ya mkono huugeuza mpini wa rangi ya mchanga ukawa kahawia, na ule wa kijani ukakaribia weusi. Wako wanaoipenda hali hiyo na kusema kisu kimezoeana na mwenyewe, lakini mwenye kutaka kisu kibaki kama siku ya kukinunua asiuchukue. Mwenye duka akiung'arisha ili uvutie huwa ameuondolea sifa yake kubwa, hata hivyo msasa wa dakika tano waweza kuirudisha. Na bei yake iko juu ya plastiki. Upo jamaa yake wa kisasa zaidi aitwaye G-10, ambaye kitambaa chake ni nyuzi za kioo na gundi yake ni epoksi. Huo hainywi maji kabisa na ni mgumu kuliko wa pamba, lakini ukichongwa kwa mikwaruzo ili ushike mkono hugeuka kuwa tupa inayokula mfuko wako. Wa nyuzi za kaboni ni mwepesi na wa kifahari. Mimi fundi umeme siutaki, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme.

Kuna aina moja ya karatasi nyeupe ambayo imenifikirisha sana. Hutengenezwa ifanane na pembe ya ndovu, nayo kwa miaka hugeuka manjano kama pembe halisi. Kwa muda mrefu visu vya mabwana vilivyotengenezwa Sheffield vilivalishwa pembe za ndovu wa Afrika, na Unguja ya karne ya 19 ilikuwa soko kubwa la pembe, zilizoletwa pwani mabegani mwa watu. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara hiyo ipigwe marufuku duniani, na mwaka huohuo Kenya ikachoma moto tani 12 za pembe mjini Nairobi. Marufuku ilianza kazi mwaka 1990. Hata hivyo, idadi ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka 109,000 hivi katika hesabu ya mwaka 2009 hadi 43,000 hivi katika ile ya mwaka 2014. Sisemi kwamba ndovu hao waliuawa kwa ajili ya mipini ya visu. Nasema tu kwamba mtu mwenye kiu ya mpini mweupe amekwisha kupata wa karatasi, naye hana tena udhuru.

Kile kisu cha mpwa wangu sikukitupa, maana chuma chake kilikuwa kizuri. Nilitoboa vichwa vya ribiti mbili za pembeni nikayang'oa yale mashavu ya lulu, nikaiacha ribiti ya bapa na springi bila kuigusa. Kutoka katika mabaki ya ubao wa pamba niliyokuwa nimeyanunua mwenyewe kwa kazi za mota, nilikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma. Ukiukata ubao huu utaijua harufu yake mara moja. Hunukia dawa, kama ile sabuni nyekundu ya zamani, kwa kuwa fenoli ndiyo iliyokuwa ndani yake. Matundu niliyatoboa huku kipande cha mbao kikiwa chini, ili keekee isipasue tabaka la mwisho inapotokeza. Ribiti nilizifanya kwa vijiti vya shaba, nikazigonga taratibu. Kisha tupa, kisha msasa namba 400, na hapo nikaacha, ingawa mkono wa fundi hupenda kuendelea mpaka king'ae.

Mpwa wangu alikigeuzageuza. "Mjomba, mbona umenivalisha kisu ubao wa sanduku la fyuzi?"

Sikumjibu. Nilimletea lile bakuli la maji na mafuta, nikampa na kipande cha kamba kilichofungwa kwenye jiliwa. Alikata mara tatu, akanyamaza, akautazama mkono wake. Wiki ya pili yake alikuja na visu vitatu vya wenzake katika mfuko wa nailoni.

Lakini kabla hujachukua msumeno wako, nisikilize kwa makini juu ya vumbi, maana hapa ndipo panapoweza kugharimu zaidi ya kidole. Vumbi la ubao huu lina pamba na gundi iliyokauka, na lile la G-10 lina vipande vidogo vya kioo. Hayo si mambo ya kuvuta puani. Formaldehaidi inayotumika kutengeneza gundi hii iliwekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, mwaka 2004, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ubao ulioiva umeifunga sehemu kubwa ndani yake, lakini kuuchoma au kuusaga kwa mashine hadi utoe moshi ni kukaribisha usichokitaka. Fanya kazi nje. Lowesha msasa kwa maji ili vumbi liwe tope. Vaa barakoa iliyotengenezwa kwa vumbi la karakana, si kitambaa cha kujifunga tu. Wala usiifanyie kazi hiyo barazani wanapochezea watoto, na ovaroli yako usiichanganye na nguo zao katika beseni la kufulia.

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili. Usichukue ubao wa zamani uliong'olewa katika mitambo chakavu kwa sababu tu unafanana na huu. Viwanda vilitengeneza pia mbao za gundi hiyohiyo ambazo badala ya pamba zilikuwa na asbesto, kwa ajili ya mahali penye joto kali, na mbao za swichi kuu za miaka ya zamani nyingine zilikuwa za saruji na asbesto. Kwa macho, mtu asiye na maabara hawezi kuzitofautisha. Nyuzi za asbesto zikiingia mapafuni hazitoki, nayo maradhi yake hujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini, au zaidi, wakati kisu chenyewe kimekwisha kupotea. Kwa wauza vyuma chakavu vipo vibao vingi vya kahawia na vya kijivu vya bei ya bure. Viache hapo hapo.

Iko njia ya nyumbani isiyo na hofu hiyo, ingawa nayo ina masharti yake. Vitambaa vya pamba vilivyofuliwa na kukauka kabisa hukatwa vipande sawa, kumi na viwili au zaidi. Huchanganywa gundi ya epoksi ya mirija miwili kwa vipimo vilivyoandikwa, kila kipande kikapakwa pande zote mbili, vikapangwa kati ya karatasi mbili za nailoni, kisha kati ya mbao mbili, na kukazwa kwa jiliwa usiku kucha. Vaa glavu, kwa kuwa epoksi mbichi huwasha ngozi ya baadhi ya watu, nao wakishaikataa mara moja huikataa siku zote. Ubao utakaoutoa asubuhi si Micarta ya kiwandani, kwa kuwa haukupata ule moto na shinikizo, na ukiachwa juani ndani ya gari waweza kulainika kidogo. Kwa kisu cha kumenyea machungwa unatosha.

Wa kwanza niliufanya kwa ovaroli yangu kuukuu ya buluu. Wa pili niliutaka wa rangi, nikaomba khanga iliyochakaa. Mke wangu aliniuliza kwanza ni khanga ipi, kisha akaenda kuichagua mwenyewe. Ukiuchonga ubao huo kwa mviringo, kila tabaka hujitokeza kwa rangi yake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, katika mistari inayofuatana kama alama za maji yanayopwa mchangani. Yale maandishi ya khanga hayasomeki tena, isipokuwa katika kipande kimoja, karibu na springi, ambapo imebaki herufi M.